Kibodi Iko kwa Nani

Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini kompyuta mbili hukaa kwenye meza moja, zikatumia skrini moja, kibodi moja na mausi moja, na zisigombane. Kati yao huwekwa kikasha kidogo chenye kitufe. Ukibonyeza, skrini inaonyesha mashine ya kwanza na kibodi inatii mashine hiyo. Ukibonyeza tena, unahamia ya pili. Ile uliyoiacha haijazimika. Inaendelea kuchapisha na kunakili, ila hakuna anayeiona.

Nimefanya kazi ya kuchapa kwenye steshenari kwa miaka mingi, kwanza Iringa mjini, kisha Mbeya, na kikasha hicho, tulichokiita swichi, kimepita mikononi mwangu kuliko mkasi. Wateja wengi walidhani ni ujanja wa watu wasio na hela ya skrini ya pili. Hela ilihusika, sikatai. Lakini historia ya kompyuta katika nchi hii tangu mwanzo ni historia ya kugawana mashine chache, na katika kugawana huko kuna kifaa kimoja ambacho kilibaki upande mmoja wa meza. Kifaa hicho ni kibodi.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza, ingawa ndani ya jina hilo ilikuwa mashine ya Kimarekani, RCA 301. Mashine za kizazi hicho hazikutengenezwa ili mtu akae mbele yake na kuandika barua. Kazi ilitobolewa kwenye kadi, kadi zikapangwa foleni, majibu yakatoka kwenye karatasi. Mwananchi ambaye hesabu yake ilipita humo hakuiona mashine wala hakumfahamu aliyetoboa kadi yake.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1961, Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walikuwa wameonyesha njia nyingine. Kompyuta moja ilihudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa na mashine yake ya kuchapia iliyounganishwa kwa waya. Kompyuta iligawa muda wake vipande vidogo sana, ikampa huyu kipande na yule kipande, kwa kasi iliyomfanya kila mmoja ajione yuko peke yake. Mpangilio wao ulikuwa mashine moja, kibodi nyingi. Sisi wa steshenari tulikuja kufanya kinyume: mashine mbili, kibodi moja. Tofauti hiyo nitairudia.

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta lilikuwa limekwenda vibaya. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa polepole kuanzia miaka ya 1980. Wakati huohuo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Iringa au Mbeya mwaka wa marufuku angeweza kumaliza sekondari bila kukaa mbele ya skrini ya aina yoyote, labda ile ya sinema.

Alichokijua ni taipureta. Barua ya kuomba kazi, mukhtasari wa kikao cha ushirika, hati ya kuuziana shamba, vyote vilipita kwa mtu mmoja aliyejua kuchapa: karani wa ofisi, katibu muhtasi wa misheni, au mchapaji aliyekaa barazani karibu na mahakama. Mteja alileta maneno yake kwa mdomo au kwa kalamu, mwenzake akayatia kwenye mashine. Mikono ya mteja haikugusa vitufe, na hakuna aliyeona ajabu. Kinu kina mwenyewe, nawe unapeleka mahindi yako usagiwe. Desturi hiyo ndiyo iliyoipokea kompyuta ilipofika kwetu.

Vyuo ndivyo vilivyoileta kwa wingi. Iringa kulikuwa na chuo cha Tumaini tangu miaka ya 1990, na mwaka 2005 Mkwawa, iliyokuwa shule ya sekondari, ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbeya kilikuwepo Chuo cha Ufundi, ambacho baada ya kubadilishwa jina zaidi ya mara moja kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012, na Wamoravian wakafungua chuo kikuu chenye jina la Askofu Teofilo Kisanji. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikuwa na utafiti wa kuchapwa, kurudufiwa na kujalidiwa. Steshenari zikaota kuzunguka vyuo na stendi kama uyoga baada ya mvua. Serikali nayo ilikuwa imetoa Sera ya Taifa ya TEHAMA mwaka 2003. Lakini ukurasa wa sera na meza ya steshenari ni vitu viwili, na juu ya meza kitu kilichotusumbua kuliko vyote kilikuwa skrini.

Skrini za wakati ule zilikuwa za bomba la kioo, zenye kisogo kirefu kama televisheni ya zamani. Ya inchi 17 ilikuwa na uzito wa kilo 15 hivi, mara nyingi zaidi. Ilitoka Dar es Salaam kwenye buti la basi, kilomita kama 500 hadi Iringa na zaidi ya 800 hadi Mbeya, ikipanda Kitonga kona kwa kona. Sipiyu, yaani lile kasha ambalo sote huliita sipiyu ingawa sipiyu yenyewe ni kipande kidogo ndani yake, ikitikiswa njiani unaifungua na kukaza kilicholegea. Bomba la kioo likipasuka umepata hasara, tena ndani ya kioo chake kuna risasi, ile madini yenye sumu, kwa hiyo hata kulitupa ni shida.

Halafu kulikuwa na umeme. Skrini moja ya namna hiyo ilikula wati 70 hadi 100, mara nyingine kuliko sipiyu yake. Mwenye duka aliyelipa kwa LUKU aliziona yuniti zikiyeyuka. Na umeme wenyewe ulikuwa na hadithi inayoziunganisha Mbeya na Iringa. Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji kutoka miinuko ya Mbeya na Njombe, hupita bonde la Usangu, huingia Iringa, kisha hujaza bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, na chini zaidi Kidatu yenye megawati 204. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi chini ya Usangu. Ukame ulipobana mwaka 2006, nchi nzima iliingia kwenye mgawo wa umeme. Sisi tulioishi palepale mto unapopita tulikaa gizani kama wengine. Siku za mgawo UPS ndiyo iliyokupa dakika chache za kuhifadhi kazi ya mtu, na UPS iliyobeba skrini mbili ilizima mapema sana kuliko iliyobeba moja. Hapo ndipo hata mwenye hela alipoona faida ya swichi.

Kwa nini basi usibaki na kompyuta moja? Kwa sababu ya flashi. Kila mteja alikuja na flashi yake, na flashi ilipita kwenye kila steshenari ya mji ikiokota virusi. Mafaili yalijificha, mafolda yakageuka kuwa vitu visivyofunguka. Kwa hiyo mwenye akili alitenga mashine moja ya kupokelea flashi za watu, na nyingine ya kufanyia kazi, yenye printa, ambayo haikuguswa na flashi ya nje kabla haijasafishwa. Ya kwanza ilikuwa kibaraza, ya pili chumba cha ndani. Skrini moja ilitosha kwa sababu mchapaji ana macho mawili yanayotazama mahali pamoja.

Kabla ya swichi tulichomoa na kuchomeka. Waya wa skrini uliishia kwenye plagi ya VGA, yenye pini 15 katika safu tatu na skrubu mbili pembeni, iliyotolewa na IBM mwaka 1987. Kibodi na mausi zilikuwa na plagi za duara za PS/2, zilizotoka na kompyuta za mwaka huohuo, ambazo baadaye zilipakwa rangi, zambarau kwa kibodi na kijani kwa mausi. Plagi hizo hazikukusudiwa kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Ukikosea unaweza kuunguza bodi. Na ukiiwasha kompyuta ya wakati ule bila kibodi, inasimama na kulalamika kwamba haioni kibodi, kisha inakutaka ubonyeze kitufe ili iendelee. Tulicheka sana juu ya hilo. Mashine imeshasema kibodi haipo, na bado inaiulizia.

Swichi nzuri ilitatua jambo hilo kwa uongo mdogo. Hata ulipohamia mashine ya pili, iliendelea kuiambia ya kwanza kwamba kibodi na mausi zipo, zimetulia tu. Swichi za bei nafuu hazikujua kudanganya. Nazo zilitia ukungu kwenye maandishi, kila herufi ikatembea na kivuli chake. Baadaye zilikuja programu za kutawala kompyuta mbili kwa kibodi moja kupitia waya wa mtandao, kama Synergy iliyotoka mwaka 2001, lakini hizo zilitaka kila mashine iwe na skrini yake, na skrini ndiyo tuliyokuwa tukiikwepa.

Mteja aliyekaa mbele ya meza hiyo aliona mambo yake yakitokea na kutoweka. Mzee mmoja kutoka Kilolo alikuja na wosia wake kwenye karatasi za daftari. Nikamchapia, naye akisoma kwa sauti nyuma ya bega langu. Nilipobonyeza swichi ili nione kama printa imeshamaliza kazi ya mtu mwingine, wosia ukapotea machoni pake. Akasimama.

"Mwanangu, umeyafuta."

"Hapana mzee, yapo. Yako kwenye mashine ya pili."

"Yako wapi? Mimi nakiona kioo kimoja."

Nilibonyeza tena, yakarudi. Alikaa, lakini tangu hapo aliweka kidole chake karibu na swichi hadi tulipomaliza. Nilimwelewa. Alikuwa amekubali nimwandikie. Alichotaka ni kuona, na kuona tulikuwa tumezoea kugawana. Skrini tuliigeuza kumwelekea mteja, akasahihisha jina la mkewe, akasema hapa toa, hapa ongeza. Kibodi ilibaki kwangu, na kwa kazi ya karatasi hilo halikumdhuru mtu. Wosia ulipotoka ulikuwa mkononi mwake, akatia saini, akaondoka nao.

Mambo yalibadilika kazi ilipoacha kuwa karatasi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilianzisha mfumo wa pamoja wa udahili kwa njia ya mtandao, na maombi ya mikopo nayo yakahamia mtandaoni, kisha ajira za serikali. Sasa kijana wa Mufindi au Rungwe hakuhitaji tena karatasi yenye herufi nzuri. Alihitaji akaunti. Akaunti ina jina na nywila, na vitu hivyo huingizwa kwa kibodi.

Kibodi ilikuwa kwetu, kwa hiyo na nywila ikawa kwetu. Msimu wa maombi foleni ilifika barabarani. Hakuna aliyekuwa na muda wa kumwacha kijana ambaye hajawahi kuchapa atafute herufi moja moja. Mchapaji alimfungulia barua pepe, akamchagulia nywila, akaiandika kwenye daftari la duka ili akirudi asisumbuke. Yako maduka yaliyotumia barua pepe moja, ya duka, kwa wateja wengi. Haikuwa hila. Ilikuwa desturi ya taipureta iliyoingia mahali isipopaswa kuwa. Barua iliyochapwa ukishaichukua ni yako. Akaunti iliyofunguliwa kwa mikono ya mwingine inabaki nusu yake.

Mwaka 2012 binti mmoja alikuja dukani tulipokuwa Iringa, karibu na Miomboni. Alikuwa ametoka Mafinga, kama kilomita 80, kumtafuta mchapaji aliyemwombea mkopo. Alikuta steshenari ile imekuwa duka la vipodozi. Alikuwa amesikia kwamba fomu yake ina kasoro inayoweza kurekebishwa ndani ya siku chache, lakini ili airekebishe lazima aingie kwenye akaunti, na hakuwa na nywila wala hakuijua barua pepe iliyotumika. Alichokuwa nacho ni risiti ya shilingi elfu tano, yenye mhuri wa duka ambalo halipo.

"Dada, mimi nilikuwepo," aliniambia. "Niliona kila kitu kwenye kioo. Ila alikuwa anaandika haraka."

Niliulizia kwa mama lishe wa jirani na duka lile la zamani, naye alikuwa na namba ya mchapaji. Alikuwa amehamia Makambako. Alipopokea simu hakushangaa. Alisema daftari analo, ngoja alifungue. Alitusomea barua pepe, kisha nywila, ambayo ilikuwa jina la duka na tarakimu tatu. Nilisikia akifunua kurasa. Nikafikiria ni watu wangapi wamo kwenye daftari lile ambao hawajui kwamba lilikwenda Makambako.

Tuliingia. Kabla sijagusa kitu kingine, binti akasema, "Naomba nywila nibadilishe mwenyewe." Nikainua kibodi nimpitishie juu ya kaunta. Waya haukufika. Ulikuwa umepita chini ya meza, ukazunguka hadi kwenye swichi, na urefu wake ulikuwa umekatiwa mtu wa upande mmoja tu. Alilazimika kuzunguka, apite kwenye kijimlango cha wafanyakazi, akae kwenye kiti changu. Alichapa kwa kidole kimoja. Mimi nikasimama upande wa wateja na kutazama ukuta.

Nilipohamia Mbeya na kufungua meza yangu mwenyewe, skrini bapa zilikuwa zimeshashuka bei, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja, na hazili umeme kama zile za zamani. Swichi haikuwa na lazima tena. Nilibaki na kompyuta moja ya wateja, lakini nikaifunga tofauti. Nyuma ya sipiyu niliweka kigawanyio cha VGA, kifaa cha bei ndogo kinachopeleka picha ileile kwenye skrini mbili. Moja ikanielekea mimi, nyingine ikamwelekea mteja. Kisha nikachomeka kibodi ya pili kwenye tundu la USB na kuiweka juu ya kaunta.

Watu wengi hawajui kwamba kompyuta inakubali kibodi mbili bila kuuliza. Haijali herufi imetoka kwa nani. Nikichapa, inaandika. Akichapa mteja, inaandika palepale nilipoachia. Tukichapa pamoja inachanganya, kwa hiyo inabidi tupokezane, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Huo si ule mfumo wa MIT wa mwaka 1961, ambapo kila mmoja alifanya kazi yake peke yake. Hapa kazi ni moja, ya mteja. Mimi najaza jina la shule, namba ya mtihani, kata na wilaya. Tukifika kwenye nywila naondoa mikono.

Haikupendwa na kila mtu. Foleni hunung'unika, maana kidole kimoja kinachotafuta herufi kinaweza kula dakika tatu, na msimu wa maombi dakika tatu ni mteja mwingine. Wapo wanaosema, "Dada, andika tu wewe, mimi nakuamini." Hao ndio ninaowasubiri kwa muda mrefu zaidi. Mwingine huandika nywila kwenye kiganja kwa kalamu, nikamwonya kwamba itafutika kwa jasho, akaomba karatasi, akaikunja na kuitia kwenye kasha la simu.

Siku hizi karibu kila anayekuja ana simu yenye skrini yake. Bado anakuja, kwa sababu fomu ya mkopo lazima ichapishwe, ipelekwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa wakili, igongwe mihuri, kisha iskaniwe na kurudishwa mtandaoni. Skrini zimekuwa nyingi kuliko watu. Hata hivyo wengi wanaponipa simu ili niwasaidie huinyoosha ikiwa imeshafunguliwa, na kuniachia yote, kama mzazi wao alivyomwachia karani karatasi.

Swichi ya Iringa ninayo bado kwenye droo, pamoja na nyaya zake nne. Kibodi ya kaunta nimeshaibadilisha mara tatu. Vitufe vinavyofutika kwanza upande wa wateja ni tarakimu, kisha A.